Nyakundi Aingia Kwenye Matanga Yake

Makena! Wacha kazi kwanza usome hii.

Unamkumbuka Kasika, yule Mkongo aliyekufa kwa ajali jana Brooklyn Center? Nyakundi wetu ali-post picha yao wawili Facebook, "Lala salama ndugu yangu," akazima simu, akaingia shift ya usiku kule anakotunza wazee, New Hope.

Sasa ule ukurasa wa habari za Wakenya wa huku majuu ukaiba picha, ukazungushia duara jekundu NYAKUNDI. Eti Mkenya aliyekufa ni yeye!

Asubuhi anafika kwake, parking imejaa. Ndani wamama wanaimba, chai na mandazi vinazunguka. Akadhani ni mamake amefariki huko Kisii. Akaanza kulia. Makena, ALILIA kwa matanga yake!

Yule jamaa wa ukurasa, yuko live, akamsogezea simu: "Pole sana. Ulimjua marehemu vipi?"

"Marehemu gani?"

Akaonyeshwa picha ukutani, imezungukwa na maua.

"Huyo ni mimi!"

Jamaa bila aibu: "Ngoja, rudia hapo, lakini uangalie camera."

Vigelegele! Selfie! Pasta akageuza matanga yakawa shukrani. Ukurasa: "MAREHEMU AFUFUKA BROOKLYN PARK." Likes elfu nne ndani ya saa moja.

Watu walipoanza kutoka, Nyakundi akabandua picha yake ukutani, akaniuliza pole pole:

"Kwani hakuna hata mmoja ameuliza ni nani alikufa kweli?"

 Nilikuwa mlangoni, nimefungiwa mandazi ya kwenda nayo.