Miwani Aliyoleta Bosi

Mpenzi Baba Zubeda,

Barua hii anakusomea dada yako Hadija, maana macho yako yote bado yamefungwa bandeji, hata lile zima. Kama sauti unayosikia si yake, mwambie huyo mtu anyamaze hapo hapo.

Unakumbuka wenzako walivyokuleta nyumbani kutoka kiwanda cha sabuni? Kostiki, ile dawa kali ya kutengenezea sabuni, ilikurukia jicho la kulia, ukawa unalia kama Zubeda. Majirani wakajaa mlangoni. "Mtilie maziwa ya titi! Si unanyonyesha wewe?" Nami nilikuwa nishaanza kufungua vifungo. Ukapiga kelele, "Maji, Mama Zubeda! Mwachie mtoto chakula chake!" Hata kwenye maumivu yale ulinichekesha. Nikakulaza, nikakushika kope, nikamimina jerikeni nzima ya maji, na ya jirani pia. Daktari akasema maji yale ndiyo yaliyookoa mwanga kidogo uliobaki.

Sasa sikia. Jana bosi wako alikuja hapa Bwaise na sukari. Tangu lini? Akakaa kwenye kiti chako, akatoa miwani ya kujikinga.

"Mama, mume wako mkaidi. Tulimpa hii, akaivua. Nitaenda hospitali na mashahidi, akubali tu mbele yao, yaishe."

Yaishe nini? Ukikubali, kosa linakuwa lako, na matibabu atayalipa nani tena?

Nikasema, "Asante bosi, niachie nimwonyeshe." Akaniachia. Nadhani aliniona mjinga.

Alipoondoka nikaichunguza. Mpira wa nyuma haujavutika hata kidogo. Kwa kichwa chako kile! Kofia yako ya Idi tuliipasua nyuma ndipo ikaingia, ukanuna nilipocheka. Na kila jioni ulirudi na unga mweupe mpaka kwenye nyusi, nikakufuta kwa kitambaa cha maji. Mtu wa miwani angerudi na duara safi kwenye macho. Mimi duara sikuliona hata siku moja.

Wakija, usiseme ndiyo. Hata wakikuita ndugu yao. Sema, "Mwiteni mke wangu." Nitakuja na miwani yao, wakuvalishe wenyewe, wote waone kama itaingia.

Zubeda ameota jino. Sikuambii limekaaje. Utaliona mwenyewe.

Lala salama, na masikio wazi.

Mkeo,
Mama Zubeda