Namba Niliyoisoma kwa Sauti

Jumatatu, 6 Novemba 2023

Theluji ya kwanza. Nimechelewa kliniki dakika kumi, nikasingizia barabara.

Gwen, bosi wangu, kanikumbusha kuwa Siku ya Kisukari Duniani ni Jumanne ya wiki ijayo na hotuba ni yangu. "Ile hadithi yako ya insulini, Lorna. Watu wanaipenda." Kila mwaka ni hivyo. Toronto, dawa hiyo ilikovumbuliwa, ni saa nne kwa gari kutoka hapa, lakini sisi wa Sudbury tunaisimulia insulini kana kwamba ilipikwa jikoni kwetu.

Jioni nikafungua mafaili ya wagonjwa waliopotea. Réjean Brisebois, miaka sitini na sita, mchimba nikeli mstaafu. Hajaonekana tangu Februari.

Na sababu naijua. Siku ile ya darasa letu la wagonjwa alikuja na donati mfukoni, unga wa sukari umemjaa masharubu. Nikampima, nikaisoma namba yake ya sukari kwa sauti mbele ya watu kumi na mmoja. Kumi na tisa! Ya kawaida haifiki nane. Nikasema, mtazameni vizuri, hivi ndivyo mtu anavyojichimbia kaburi, na huyu kuchimba ndiyo kazi yake.

Watu walicheka. Yeye pia alicheka. Akavaa kofia yake ya sufu, akatoka.

Nilijisifu jioni ile. Nilidhani nimefundisha.

Jumatano, 8 Novemba

Nimekutana na Huguette, mke wa Réjean, supamaketi, penye rafu ya unga. Nikamsalimia kwa uchangamfu wangu wa kazini. Mzee hajambo? Mbona katutupa?

Akarudisha pakiti ya unga kwenye rafu. Akasema Réjean amekatwa vidole viwili vya mguu, wa kushoto, Oktoba. Alikuwa na kidonda tangu Juni. Alikificha ndani ya soksi.

Nikauliza — mjinga mimi! — kwa nini hakuja?

"Nilimwambia twende kwa nesi," akasema. "Akanijibu, heri kidole kioze kuliko kusomewa tena kama tangazo la msiba."

Hakupaza sauti. Angenigombeza ningepumua. Nikasema pole, nikaacha kikapu palepale na mayai yangu ndani, nikaenda kukaa garini. Vioo vikajaa ukungu wa pumzi.

Ijumaa, 10 Novemba

Liandikwe hapa, kwa kuwa kwingine siwezi.

Nimejipima. Kumi na tatu nukta nane.

Nikanawa mikono, pengine ni kitu nilichoshika. Nikarudia. Kumi na tatu nukta sita.

Na nilijua. Tangu Julai nakunywa maji kama ng'ombe, naamka mara tatu kwenda haja ndogo, macho yanaona ukungu. Mgonjwa angenieleza hayo ningempima kabla hajamaliza sentensi. Mimi nilibadilisha miwani.

Mchana Gwen kaleta mabango. Picha yangu, natabasamu, na maneno makubwa: USIONE AIBU, PIMA. Yamebandikwa hadi kwenye mlango wa choo chetu.

Jumapili, 12 Novemba

Kutwa naandaa hotuba. Hadithi naijua kwa moyo. Kabla ya 1922 mtoto mwenye kisukari alinyimwa chakula ili aishi miezi michache zaidi. Mifupa mitupu vitandani, wazazi kando, hakuna la kufanya. Kisha Toronto wakapata dawa kutoka kwenye kongosho la ng'ombe. Mvulana wa miaka kumi na minne akachomwa sindano Januari. Ya kwanza haikufaa, ilikuwa na uchafu. Wakaisafisha. Siku kumi na mbili baadaye ikafanya kazi. Na tarehe 14 Novemba ni siku aliyozaliwa mmoja wa wale wavumbuzi.

Ila kuna kipande ninachokipitia haraka kila mwaka. Wakati ule wa kunyimwa chakula kulikuwa na mtoto, kipofu, amefungiwa hospitalini, na sukari yake haishuki. Wakamshuku kuwa anaiba chakula. Na kweli alikuwa anakula — dawa ya meno, na mbegu za ndege aliyewekewa chumbani.

Huwa nakitumia kuwachekesha watu kidogo kabla hawajahuzunika.

Leo nimekisoma mara nne. Daktari alikuwa sahihi. Namba zilikuwa sahihi. Na yule mtoto alikuwa na njaa tu. Sijui kama kuna aliyemwomba radhi.

Jumatatu, 13 Novemba

Nimeendesha hadi duka la dawa la nje ya mji, nisikofahamika, kuulizia dawa ya kisukari. Kijana wa kaunta: "Aa, wewe ndiye nesi wa kwenye bango!" Nikanunua dawa ya kikohozi. Sina kikohozi.

Jumanne, 14 Novemba

Naandika ndani ya stoo ya kliniki, nimekalia boksi la pamba. Saa tano asubuhi.

Ukumbi ulijaa. Nilikuwa nimefika kwenye sindano ya kwanza mlango ulipofunguliwa, akaingia Réjean kwa magongo, Huguette nyuma yake. Amekonda. Masharubu yamekuwa meupe. Akakaa mwisho kabisa.

Nilikusudia kuomba radhi. Nilikuwa nimeiandika sentensi yenyewe kwenye karatasi. Ilipofika, nikavua miwani, nikaifuta, nikairuka. Watu wakadhani nimeguswa na habari za wale watoto. Wakapiga makofi! Mama mmoja alifuta machozi. Nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu.

Kisha foleni ya kupima. Kila aliyepita alinishukuru. Halafu magongo — tok, tok — na Réjean mbele ya meza yangu. Akanyoosha kidole.

"Nipime, nesi. Huguette kaniburuta. Ila namba unionyeshe tu, usiisome."

Nikamshika kidole. Nikanong'ona: nilikukosea, mzee.

Akatega sikio. "Nini?"

Nilikukosea. Februari.

"Sikusikii," akasema, bila kutabasamu. "Siku ile sauti yako ilifika mpaka kwenye maegesho."

Waliokuwa kwenye foleni wakasogea kusikiliza. Gwen akageuka. Na mimi nikasema vijiti vya kupimia vimeisha, nikakimbilia huku. Havijaisha. Nina pakiti nzima mfukoni mwa koti.

Anataka haki yake: kwa sauti ileile, mbele ya watu. Sawa. Lakini siwezi kusimama pale niseme nilimwaibisha mgonjwa kwa namba yake huku nikificha yangu. Nikifungua mdomo yatatoka yote mawili. Na bango limening'inia juu ya kichwa changu!

Huguette kagonga mlango sasa hivi. Hakuingia. Kasema, "Nesi, bado amesimama. Nimemletea kiti, kakataa. Anasema hana haraka, ana vidole vinane bado."

Amesimama kwa mguu ule.

Naanza na namba yangu. Hapana — na radhi yake, yeye kwanza, kisha namba yangu. Natoka.