Mama hajui kuogelea

Ayesha, nyumba ya mama yangu imekuwa bwawa la kuogelea.

Sitanii. Leo diwani alituita atuonyeshe mchoro wa nyumba za bei nafuu hapa Bukoto. Nikawa wa kwanza kupiga makofi. Mimi, niliyesomea ramani! Kisha nikasogea karibu. Msikiti upo, barabara yetu ipo, na penye nyumba yetu pamepakwa buluu.

Bwawa, Ayesha.

Nikauliza, "Mheshimiwa, sisi tutakaa wapi?"

"Usijali, dada. Wakaazi wa zamani mtaogelea kwa nusu bei."

Kwa nusu bei!

Mama akasimama, akamgeukia diwani. "Mwanangu, mimi sijui kuogelea. Kwa hiyo sihami."

Nikawa tena wa kwanza kupiga makofi. Safari hii nilijua ninachokipigia.