Gari la Baba na Betri Inayokufa

Gereji ya Baba,
Nyuma ya kituo cha mafuta.
Jumatano, 12 Juni.

Mpendwa kaka,

Shikamoo. Kile kikohozi kimekuachia? Mimi mzima, nafanya kazi kama punda na kukonda sikondi. Mama anajikongoja. Baba ni yule yule: tangu uiache gereji, mwaka wa tatu huu, hataki utajwe mbele yake.

Wiki hizi gari la Baba limetutesa. Mama anasafishwa damu hospitali kila Jumanne na Ijumaa, na gari likishakaa siku mbili tatu haliwaki. Ukiwasha, stata inasema tik, basi. Ijumaa tulichelewa, nafasi yake akapewa mwingine. Kufikia Jumapili miguu ilikuwa imevimba, anahema akiwa amekaa. Niliogopa sana, kaka.

Baba akanigeukia mimi. Mbele ya mafundi wote alisema tangu anikabidhi kazi ya umeme hakuna gari linalotoka hapa likiwa zima. Betri nilishaipima, ni nzima, na alteneta inachaji. Kuna kitu kilikuwa kinanyonya umeme gari likiwa limezimwa. Nilishuku redio, maana kila jioni Baba hujifungia garini akidai anasikiliza habari. Lakini nikitaka kupekua ndani, ananipokonya ufunguo.

Jana Mama alitakiwa saa nne, na saa moja gari kimya. Nikachaji betri, nikavua pete na saa, nikamfukuza Baba na sigara yake. Fundi wetu wa rangi hajasahau nyusi zake zilivyoungua kwa gesi ya betri. Kisha nikafungua waya wa hasi na kuunga taa ya kupimia kati yake na betri. Kila kitu kimezimwa, lakini taa ikawaka. Nikachomoa fyuzi moja moja. Nilipochomoa ya taa za ndani, taa ya kupimia ikazimika.

"Basi, mwanangu. Acha hapo hapo," Baba akasema. Nilitegemea hasira, nikasikia woga katika sauti yake.

Sikuacha. Nikafungua kisanduku cha mbele ya kiti cha abiria. Kifuniko kilikuwa hakibani, kwa hiyo kibalbu chake kilikuwa kinawaka usiku na mchana. Kilichozuia ni barua zako. Zote, kaka, zile alizotuapia kuwa amezichoma! Amezifunga kwa mpira, na kila ukurasa una alama za vidole vyake vya grisi.

Nikamwambia, "Baba, ukizitoa hizi, gari limepona."

Akamtazama Mama, aliyekuwa anakuja polepole na mkoba wake.

"Toa balbu," akasema.

Nikaitoa. Tulifika saa nne kasoro dakika tano. Leo Mama amekula na kuomba nyongeza.

Nisalimie wifi na mwanenu mdogo. Mama anakusalimu na kukuombea, na Mungu akufunike popote unapolala.

Baba hajatuma salamu. Balbu nimeifunga kwa pamba, imo humu ndani ya bahasha.

Mdogo wako akupendaye,
Fundi Waya