Mama Ameonja

Wifi yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, zikukute mzima kuliko sisi. Ukiuliza hali zetu, tupo, tunasukuma siku. Mama anatembea, kaka yako anakula, mimi nasimama. Barua yako tuliipata, na Mama aliniomba nimsomee mara mbili, ingawa muda wote alijifanya anatafuta miwani.

Umeuliza kama siagi ya karanga uliyoiona dukani huko ni yetu kweli. Ni yetu. Na huyo kwenye kopo, juu ya maneno “Mama Ameonja”, ni mama yako mzazi, usishangae. Mpiga picha alihangaika naye asubuhi nzima bila kupata tabasamu, mpaka kaka yako alipomnong’oneza kwamba yule jirani mgomvi anahama. Hakuhama, lakini picha ilishapatikana.

Watu wanatupongeza, nasi tunashukuru. Ila nikwambie ukweli, wifi, nimechoka. Lilipokuwa shamba tu, mvua ikigoma ulinung’unika kidogo ukalala. Sasa shamba limekuwa jina, na jina halina siku ya kupumzika. Mtu akikuta kopo limepinda kifuniko, anapiga simu wakati umeshika kijiko. Kaka yako huongea na wateja kwa sauti ya upole ambayo mimi mkewe sijawahi kuisikia. Mgongo unauma, mikono inanuka moshi wa kukaangia hata nikioga, na nyumbani hatuzungumzi lingine ila magunia.

Sasa hivi mashine ya kusagia imesimama. Kaka yako ameifungua yote, vyuma amevipanga sakafuni juu ya turubai, na haoni ubaya ulipo. Hatauona, kwa sababu mashine ni nzima. Mimi ndiye niliyemwambia inatoa mlio mbaya. Vumilia nikueleze.

Unaukumbuka utaratibu wa Mama. Hakuna gunia linalokwenda kwenye moto kabla hajachota karanga chache, akafumba macho, akatafuna, kisha akasema “sawa” au akatema. Likitemwa, hata liwe limetoka kwenye kipande chake cha shamba anachokipenda, haliingii kwenye kopo. Ofisi ya vipimo hupima kuvu, na huko hatujawahi kukwama. Lakini Mama hujua karanga ambayo leo ni tamu na mwezi ujao, ikikaa kwenye rafu, itakuwa chungu. Watu wanatuamini kwa sababu hiyo. Makopo mazuri kila mtu anayo.

Basi ile homa ya mwaka jana, tuliyokuandikia kwamba imepita salama, haikupita hivi hivi. Alipoamka akarudi kwenye magunia kama kawaida. Siku moja akatafuna, akasema sawa, mimi nikarusha mdomoni moja ya zile zilizobaki kwenye bakuli, nikaitema hapo hapo. Nilivuta gunia lile pembeni. Mama aliniona. Kesho yake, kabla ya kuonja, alininyooshea mimi bakuli kwanza.

Ndivyo tulivyoanza. Nikiona ni nzuri, nampa bakuli. Nikiona mbaya, nakohoa kwanza. Akina mama wanaochambua karanga wamenihurumia mwaka mzima kwa kifua hiki, kila mmoja na dawa yake. Mimi na Mama hatukuwahi kulizungumza jambo hilo, hata tukiwa wawili. Nawe unajua alivyonipokea nilipoolewa, kwamba sijui hata kushika ungo. Sasa ulimi anaosifiwa yeye ulikuwa wangu, na nakuapia sikuona vibaya. Ilikuwa mara ya kwanza kuhisi ananihitaji.

Shida ni kwamba na wangu umekwenda. Kila ninachotafuna ni kama nimelamba msumari. Nzuri na mbaya, zote ladha moja. Nilikaa na siri hiyo siku kadhaa kazi ikiendelea, kisha nikabuni ule mlio wa mashine ili tusisage tena, mpaka nikashindwa, nikamfuata Mama stoo nikamwambia. Akaniangalia juu mpaka chini, akaniuliza, “Tangu lini?” Hakuwa anauliza habari za ulimi. Ndiyo, wifi. Nina mimba. Wewe peke yako katika ukoo huu hukuwahi kuniuliza mbona kimya, ndiyo maana nakwambia kabla ya wengine.

Mama alikaa juu ya gunia akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha yakaendelea kutoka bila kicheko. Akasema mjukuu wake hajazaliwa na ameshatufungia kiwanda.

Tuliwajaribu wachambuaji mmoja mmoja. Kwao kila karanga ni tamu, maana cha bure hakina uchungu. Kaka yako tusimtaje, yule anaweza kula ganda akasifu. Ijumaa lori la maduka likaja kuchukua mzigo. Mzigo wenyewe ulikuwepo, makopo tuliyosaga katika zile siku zangu za kunyamaza. Kaka yako alitoka na grisi mpaka kwenye kope aanze kupakia. Mama akasimama mlangoni, akamwambia dereva, “Rudi na gari lako. Mwambie aliyekutuma, Mama hajaonja.”

Dereva alidhani ni utani. Mama akamweleza yote mbele ya watu: kwamba yeye hasikii ladha tangu homa, kwamba aliyekuwa akionja ni mkwe wake, na mkwe naye sasa hawezi. Kwa nini siwezi, hilo hakulisema. Lori likaondoka tupu. Kaka yako aliniuliza swali moja tu, kwa nini hakuambiwa, kisha akarudi kwenye vyuma vyake. Wenye maduka wametupa mpaka mwisho wa mwezi, baada ya hapo nafasi yetu kwenye rafu wanampa mwingine.

Mama hatakuita, unamjua. Alichosema, akiwa amenipa mgongo, ni kwamba wewe ulikuwa ukitema karanga mbaya kabla hujajua kusema “sitaki”. Kwa Mama hiyo ni kupiga magoti. Mimi sina aibu hiyo, nakuita waziwazi. Najua uliondoka ili maisha yako yasihesabiwe kwa magunia, na sikuombi uyarudie. Njoo utuonjee msimu huu mmoja, mpaka ulimi wangu urudi.

Kaka yako hajui bado habari ya mtoto, wala kwamba ule mlio niliubuni. Anashinda kati ya vyuma vyake akiamini ninalia kwa ajili ya lori. Tumeisubiri habari hii miaka, wifi, na sitaki aipokee kichwa kikiwa chini. Nataka nimwambie siku ambayo ataweza kufurahi. Nisaidie kuipata siku hiyo.

Wasalimie wote wa nyumbani kwako, wakubwa kwa wadogo. Mama anakusalimu, ingawa hajanituma.

Ni mimi wifi yako akupendaye,
Mke wa kaka yako