Kichwa Kinachocheka Kwenye Barua ya Posa

Devota wangu ameposwa! Barua imekuja jana, imechapwa kwa kompyuta, na ndani yake kuna kichwa kinacheka.

Sasa ndiyo nisalimie. Jumamosi, hapa Mabira, mwaka 1998. Jua kali, kahawa iko mkekani, moyo wangu haujatulia.

Nijisifu kwanza, daftari ni langu. Mimi niliishia darasa la nne, lakini nimezaa mpiga chapa. Devota anafanya kazi ofisini Kayanga, anatumia kompyuta, na sijasikia mtoto mwingine wa kijiji hiki aliyewahi kuigusa. Anayemtaka ni mwalimu wa Bugomora. Msinione naringa. Naringa kweli.

Barua aliileta mshenga, akaenda zake. Kwetu barua ya posa husomwa kwa sauti, familia yote ikisikiliza, na msomaji ni shemeji Filipo, mdogo wa mume wangu. Alisoma vizuri mpaka "tumempenda binti yenu mwenye adabu". Akaisogeza karatasi dirishani.

"Shemeji, hapa kuna kichwa."

"Kichwa cha nani?"

"Cha mtu. Kiduara, macho mawili, mdomo. Kinacheka."

Hakuna aliyecheka nacho.

Filipo akasema, "Wameandika adabu, halafu wakacheka! Hawa wanajua jambo la mtoto wetu ambalo sisi hatulijui. Barua irudi kwao." Mume wangu akaanza kuitafuta bahasha yake. Alikuwa anaelekea kukubali.

Nakiri hapa ambapo hakuna anayesoma: na mimi nilishuku. Leo Devota alipofika kutoka Kayanga, nilimtazama tumbo kabla ya uso. Hata shikamoo yake niliijibu nikiwa bado natazama huko chini.

Nikamvuta jikoni, nikamwekea karatasi mbele. Wanakucheka nini hawa?

Akainamisha kichwa. "Mama, si wao. Mimi ndiye niliyeichapa."

Kumbe mwalimu aliiandika kwa mkono, akampelekea ofisini aichape ili ionekane ya heshima. Devota alipofika kwenye adabu yake mwenyewe, furaha ikamzidi, akakiweka hicho kichwa. Anasema wenzake ofisini hukiweka kwenye kadi za harusi. Alitaka kukifuta, akasahau.

Amesahau.

Huyu ambaye barua zangu hunirudishia akiwa amezisahihisha mpaka nukta? Asahau kichwa kizima? Siamini. Ila mimba hakuna, hilo nimemuuliza mara tatu, ya tatu akakasirika, nami nikafurahi kwamba amekasirika.

Lakini ukweli huo ningeupeleka wapi? Nikimwambia Filipo kwamba binti amejichapia posa yake mwenyewe, barua itarudi leo hii, na ukoo mzima utapata cha kusimulia. Nikamfuata uani.

"Shemeji, kichwa kile ni mtindo wa kompyuta. Watu wanakiweka kwenye mambo ya heri. Devota amenieleza, na yeye ndiye mtaalamu wetu."

Sikudanganya. Nimepunguza tu.

Filipo alinitazama, nikaanza kugeuza kahawa ambayo nilikuwa nimekwisha kuigeuza. "Haya," akasema. "Na sisi tuwajibu kwa kichwa. Lakini cha kwetu kisicheke mpaka tuwaone wenyewe."

Jibu nimeliandika kwa mkono wangu. Devota sikumpa hata kalamu aishike. Baada ya maneno "tumepokea barua yenu" nimechora duara, macho mawili, na mdomo ulionyooka kama rula. Filipo ameuchunguza huo mdomo, akasema upande wa kulia umepanda kidogo. Nikaurekebisha. Mume wangu akatia sahihi.

Chini yake tumeandika: mwalimu, wazazi wake, mshenga na wajomba, waje wote, Jumamosi ijayo, saa nne asubuhi.