Mbao za Mafinga Juu ya Nyumba ya Mama

Iringo,
Musoma.
21 Septemba 2024

Mpendwa Dada Scholastika,

Shikamoo. Kwa heshima zote, na kwa niaba ya familia nzima ya marehemu Mzee Burito, natangaza rasmi kwamba mbwa wangu Askari amehamia kwa mdogo wetu Gibson. Hakuaga. Mdogo wangu alikuja mjini kunisalimia, na alipoondoka mbwa akadandia pikapu yake. Ameacha gunia lake nyuma ya stoo yangu ya mbao, na sasa analala Butiama juu ya lundo la unga wa mbao, ambao nasikia una joto zuri.

Baada ya tangazo hilo, u mzima dada yangu? Shemeji Prosper mgongo unaendeleaje, na baridi ya huko Mafinga bado inawafanya mlale na masweta? Sisi huku tunamshukuru Mungu. Dorkas anasumbuliwa na jino lakini hataki kung'olewa, anasema ameshalizoea. Mimi presha ilipanda kidogo mwezi wa saba. Daktari aliniuliza kama nina mawazo. Nikamwambia nina mdogo wangu.

Utashangaa naandika kwa mkono wakati simu ninayo. Ni kwa sababu ya lile grupu la ukoo. Gibson yumo, na kila anachoandika watu wanakiwekea mikono ya kupiga makofi. Mimi niliandika habari ya presha yangu, nikapata kidole gumba kimoja. Kilikuwa cha Gibson.

Sasa nije kwenye hiyo mashine ya Gibson ya kuchana mbao, ambayo wewe unaijua kuliko mimi, maana ni wewe na shemeji mliompeleka kuiona alipokuja huko kwenu "kusalimia". Nasikia alichinjiwa kuku. Mimi nilipokuja mwaka ule wa kipaimara cha Brenda nilikula maharage. Yalikuwa mazuri, silalamiki, nakumbuka tu.

Mwanzoni nilidhani ameleta dingidongi, ile ya msumeno wa duara inayopiga kelele mpaka ng'ombe wanagoma kukamuliwa, na inayokula nusu ya gogo ikitoa unga. Nikafurahi. Kumbe siyo. Hii yake ni ndogo, inavutwa nyuma ya pikapu kama mkokoteni. Ina reli mbili, injini ya petroli, na msumeno wa mkanda mwembamba unaozunguka. Gogo linalala palepale halisogei. Inayosogea ni mashine, naye anaisukuma taratibu kama mtu anayebembeleza mtoto. Anatoa banzi, lile gamba la nje, upande mmoja, anageuza gogo, anatoa banzi jingine, hadi gogo linakuwa na pembe nne, ndipo anaanza kuchana mbao. Nilikaa pale kutwa nzima nikisubiri mkanda ukatike. Haukukatika.

Lakini dada, kinachoniuma siyo mashine. Ni paini zenyewe. Unazikumbuka zile za kilimani, juu ya boma? Baba alipozipanda mimi ndiye niliyebeba maji kutoka kisimani. Gibson alikuwa mgongoni kwa mama, akinyonya kidole. Baba alikuwaga anafunga panga kwenye mti mrefu na kupogolea matawi ya chini, eti siku moja mbao zisije zikawa na macho macho ya vifundo. Sisi watoto tulimcheka. Sasa zimekomaa, na mama akamwambia Gibson azichane. Nilipomwuliza kwa nini yeye, akanijibu kwa upole, "Wewe una stoo, baba." Kana kwamba mwenye stoo hana baba.

Na anavyozitunza sasa. Mbao zikitoka kwenye mashine anazipanga chini ya banda, kila safu na vijiti katikati ili upepo upite, na juu anaweka mawe. Nilimwuliza kama anazika mtu. Akasema zikikauka bila kubanwa zinajikunja. Halafu anapaka miisho rangi, kila ubao, huku na huku, ili isipasuke. Rangi yenyewe ni ile ya buluu iliyobaki mama alipopaka mlango wa jiko. Nikamwambia wateja watadhani ni kucha za bi harusi. Alicheka. Tatizo la Gibson ni kwamba anachekaga, na huwezi kugombana na mtu anayecheka.

Jambo jingine, mbili kwa nne yake ukiipima ni mbili kwa nne. Sisi wenye stoo tunajua kwamba mbili kwa nne ni jina tu, kama mtu anavyoweza kuitwa Furaha. Yeye anachana na kuongeza kidogo, ili hata ikikauka ikanywea, ibaki kamili. Mtu wa namna hiyo anaharibu soko.

Kwa hiyo alipoanza kuzileta Musoma, sikusema neno baya. Mungu ni shahidi. Niliuliza tu swali, siku wenye stoo tulipokuwa tunakunywa chai: "Jamani, paini ya Butiama imewahi kuezeka nyumba ya nani?" Basi. Watu wakatazamana. Kila mteja wa hapa anataka mbao za Mafinga, hata akijenga banda la kuku. Gibson alizunguka Iringo nzima na pikapu yake, na kila alipofika aliambiwa stoo imejaa. Kwangu alifika mwisho. Nilimwonea huruma, nikampa soda.

Baada ya hapo sikusikia tena habari za mbao zake. Nikasema moyoni, dogo ametulia.

Ndipo likaja suala la paa la mama. Unaifahamu ile nyumba. Mvua ikinyesha mama anahamisha kitanda kwanza, halafu redio, halafu picha ya baba. Mchwa wamekula kenchi zote, na vuli hii isingemwacha salama. Tukakaa Butiama mimi na Gibson. Gibson akasema atatoa mbao. Mimi nikasema mbao nitatoa mimi, maana mimi ndiye mkubwa. Akasema paini ni za baba. Nikasema hatuwezi kumwezekea mama kwa mbao za majaribio. Hapo hata yeye hakucheka.

Nikwambie ukweli, dada, nilikuwa nimeshaona mbali. Paa linakaa miaka na miaka. Kila mgeni akiingia kwa mama, kila padri akija kubariki, atainua macho na kuuliza nani aliezeka. Sikutaka mama ataje jina la Gibson mpaka siku nitakayozikwa.

Mama alitusikiliza huku anachambua dagaa. Mwisho akasema kila mmoja alete ubao mmoja, mbili kwa nne, auegeshe juu ya mawe huku na huku hapo uani, na wanajumuiya wakija kusali Jumatano wazikalie. "Ubao utakaowaangusha kina mama wa jumuiya hauwezi kubeba bati."

Sasa, stoo yangu wakati huo ilikuwa na mbao ambazo, kwa kweli, ningemwuzia mtu nisiyemfahamu. Kwa hiyo nilipanda gari hadi Bunda, kwa yule mfanyabiashara anayeitwa Kwangu. Ndiyo, jina lake ni Kwangu, na ukimwuliza mtu stoo iko wapi akasema "kwa Kwangu" unaweza kumfuata hadi nyumbani kwake. Dada, nilikuta mbao ambazo sijawahi kuziona. Kavu, nyoofu kama rula, hazina jicho hata moja, hazina madoa. Nikatoa futi kamba, nikapima. Mbili kwa nne kamili. Miisho yote ilikuwa imekatwa upya, myeupe, nikasema huyu ni mtu msafi.

"Zimetoka wapi?" nikamwuliza.

"Mafinga hizo, mzee. Wewe mwenyewe si unaona?"

Niliona. Nikasema moyoni, hii ndiyo kazi ya watu wanaojua mbao. Nikachukua mzigo wote wa paa, maana sikuwa na shaka na ushindi.

Jumatano kina mama walikaa. Wale wanene waligawanywa sawasawa, mama alisimamia mwenyewe. Walisali, wakaimba, wakanywa uji, wakasengenya kidogo. Hakuna ubao uliolia. Walipoondoka mama akaziinamia zote mbili, akazipapasa kama mtu anayechagua kanga, akazigeuza, akashindwa. Akasema zinafanana kama mapacha, na kama zinafanana basi mkubwa atangulie.

Nilishinda, dada. Nilishinda mbele ya jirani wote.

Gibson alikuja kuuangalia ubao wangu. Aliuinua, akautazama kwa urefu jicho moja likiwa limefumbwa, akaunusa, akapitisha kidole kwenye ncha.

"Mbao nzuri hii, kaka. Umeipata wapi?"

"Bunda. Ya Mafinga."

"Aa," akasema. Akaurudisha juu ya mawe taratibu, na sikuelewa anatabasamu nini. Kesho yake alikuja na pikapu yake kunisaidia kubeba mzigo. Alipanda juu na fundi Stanislausi kupigilia misumari siku nzima, bila kununa, akipiga mluzi. Hata kushindwa anashindwa vizuri. Hilo nalo linaniuma.

Paa limepanda wiki hii. Bati zinang'aa hadi barabarani. Mama amesimama chini yake, amenusa hewa, akasema mbao zangu zinanukia kama kule kilimani kwa baba. Nikamwambia paini zote duniani zinanukia hivyo. Akaniambia, "Sawa, baba."

Kwa hiyo dada, hii barua ni ya kukushukuru pia. Mbao za kwenu Mafinga ndizo zimeniheshimisha, na ni kama wewe na shemeji mmenilipa yule kuku niliyemkosa. Naomba uwaambie ndugu wote wa huko, na kama unaweza uandike kwenye grupu, maana mimi nikiandika itaonekana najisifu: paa la mama ni la Abednego, na mbao ni za Mafinga. Paini za Butiama zifanywe viti vya shule.

Msalimie sana shemeji Prosper, mwambie asiinue vitu vizito. Msalimie Brenda na masomo yake, na yule mtoto wake ambaye bado sijamwona. Dorkas anakusalimu kwa upande wa mdomo usiouma. Mama anakuombea, anasema uje kabla ya Krismasi ulale chini ya bati jipya usikie mvua bila kunyeshewa. Mungu awafunike hapo mlipo, na awape kuni kavu wakati wa baridi.

Ni mimi mdogo wako, ninayekukumbuka hata pale unapomkumbuka zaidi mwingine,

Abednego Burito

N.B. Nimeifungua bahasha tena. Stanislausi amepita stoo sasa hivi kutoka Butiama. Alikuwa anakata ncha za kenchi ili upenu ukae sawa, na amekuta ubao mmoja ambao ncha yake Kwangu alisahau kuikata. Ameniletea kile kipande, akidhani ni alama yangu. Kina rangi ya buluu.

Nimempigia Kwangu simu. Amesema Musoma mlizikataa, yeye akazinunua.

Mbao zote zilizo juu ya nyumba ya mama ni paini za baba, na aliyezichana ni Gibson.